Benchi la Karibu na Mlango

Mpaka leo, nikisikia punje za mahindi makavu zikidondoka kwenye karai, mabega yangu hushuka yenyewe. Nimekaa mjini Kakamega miaka mingi na unga nanunua wa pakiti kama watu wengine, lakini kila Agosti hujiletea gunia la mahindi yasiyopukuchuliwa kutoka kwetu Malinya. Majirani huniuliza kama sijasikia kuna mashine. Nawaacha wacheke.

Nilikuwa na miaka tisa. Jumamosi moja, kwenye uwanja wa kupiganisha mafahali, fahali mmoja alitoroka pambano akawageukia watazamaji, nami nikabanwa na umati kwenye ua wa michongoma. Nilichubuka goti tu, na mama akanigombeza kwa kurarua sketi. Kesho yake kanisani, ngoma zilipoanza, kama zile za uwanjani, moyo ulitimua mbio, vidole vikafa ganzi, koo likaziba. Nilijua nakufa. Sikudhani, nilijua.

Akina mama wakanizunguka. "Mpeni hewa!" kila mmoja alipaza sauti, na hakuna aliyesogea. Mmoja alikemea pepo, mwingine akanimwagia maji. Nilipotulia walishangilia, lakini Jumapili iliyofuata hali ile ikarudi. Sasa niliogopa mawili: kufa, na kwamba kweli nilikuwa na pepo. Nikaanza kusingizia tumbo kila Jumapili asubuhi, mpaka mama akachoka na tumbo langu, akanivuta mkono hadi kanisani.

Siku hiyo ikanishika tena, na Senje, dada yake baba, ndiye aliyepenya katikati ya akina mama akanitoa nje. Tulizoea kumtania Senje kwa sababu hakukaa pengine ila benchi la mwisho, karibu na mlango. Tulisema anataka kuwa wa kwanza kufika kwenye ingokho, kuku wa Jumapili. Alinivusha barabara hadi kwake, akaniketisha chini na kuniwekea karai.

"Pukuchua."

"Senje, nakufa."

"Haufi. Hiyo kitu inakujanga, halafu inaendanga. Mimi haijawahi kuniua. Usipigane nayo. Pukuchua, na pumzi itoe polepole, kama unapoza uji."

Punje za kwanza ziliruka hadi kwa kuku. Kufikia hindi la tatu, vidole vilikuwa vyangu tena. Nilitazama magunia yaliyojaa ukutani nikashangaa mwanamke anayeishi peke yake amempukuchulia nani mahindi yote yale.

Kuanzia hapo nilikaa naye kanisani, mimi upande wa mlango, yeye ndani. Ngoma zilipopigwa nilitazama nje, nikapoza uji wangu. Wakati mwingine hofu ilikuja, ikakuta nimetulia, ikaenda.

Nikiwa mtu mzima ilinirudia kazini. Muuguzi alinipima, akaniambia moyo ni mzima, hii ni hofu kuu inayoushika mwili ghafla, wala si pepo. Akanifundisha kutoa pumzi polepole. Nikacheka mpaka akanishangaa, kisha nikalia, maana nilikuwa nimemkumbuka Senje. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Yale magunia. Lile benchi. "Mimi haijawahi kuniua," alisema, nami nikayapita maneno hayo kama mtoto.

Na nilikumbuka mikono yake kanisani, jinsi ilivyobana kitambaa mapajani kila ngoma zikianza. Nilidhani anaomba. Nafasi ya mlangoni ilikuwa yake, naye alikuwa amenipa mimi.