Simu Mpya Iliyoninyima Kumpa Mjukuu Jina

Nasema haya kwa uchungu, na wa kulaumiwa ni mdomo wangu. Kwetu Ulemo, bibi mzaa baba ndiye anayempa mjukuu wa kwanza jina. Mkwe wangu Neema, anayeishi Mwanza na mwanangu, alikuwa karibu kujifungua. Nikangoja simu. Kimya. Basi nikaenda mashineni tunakokamulia alizeti, nikawatangazia wanawake wenzangu: "Neema amemkataza mwanangu kunipigia!"

Fundi wa mashine akauliza, "Bibi, simu yenyewe inashika mtandao?"

"Mpya hii! Mwanangu kainunua kwa mtu aliyetoka Ulaya. Siyo kitochi kama chako."

Akaikagua. "Hii inataka 4G tu, Bibi. Mnara wetu ni wa zamani, hausikilizani nayo."

Akatia laini yangu kwenye kitochi chake. Meseji zikamiminika.

"Soma kwa nguvu," nikamwamuru, "wote wasikie."

Akasoma: "Mama, ni msichana. Neema anasema tusubiri jina kutoka kwako."

Ya pili: "Mama, hupatikani. Neema analia."

Ya mwisho: "Mama, tumeona umetususa. Jina ametoa mama yake Neema."

Mashine ilikuwa imezimwa. Kila mwanamke alisikia.