Gashoho Haitolewi

Anisia wa Gashoho hakuwa na televisheni, wala umeme wa kuiwasha, kwa hiyo usije ukamsifu kwa malezi bora. Asiye na nyama hasifiwi kwa kufunga. Alichokuwa nacho ni mdomo. Alikulia kambini Tanzania, akarudi Burundi msichana mkubwa na vitu viwili: sufuria isiyo na kifuniko, na vitendawili. Sufuria ilishatoboka.

Jioni, maharage yakichemka, aliwatega wanawe, Faida na mdogo wake Matata. Anayeshindwa anatoa mji. Mshindi anauchukua, anasimulia alivyokula huko mpaka wenzake wanameza mate, ndipo anataja jibu. Watoto wasiowahi kuvuka soko la Gashoho walishagawa Bujumbura, Kigoma, hata Paris, bila huruma. Sheria ilikuwa moja: Gashoho haitolewi.

"Kwa nini, mama?" aliuliza Matata.

"Ukiitoa, tutalala wapi?"

Faida alipofika miaka sita alitunga chake mwenyewe: nyumba yetu ina jicho moja, likifumba sote vipofu. Anisia aliwaza kweli, akashindwa kweli, akatoa Gitega. Faida akaenda Gitega bila kutoka kwenye kigoda, akala wali na mishikaki, akarudi na jibu: "Koroboi!" Mama mtu alikitembeza kitendawili kile sokoni wiki nzima, hata wauza chumvi wakamkimbia.

Kisha Venansi, baba wa watoto, aliyekwenda Gitega kufyatua matofali miezi mitatu akakaa miaka mitatu na kuoa mke mwingine, akamtaka Faida akakae kwake. Shule iko mlangoni, alisema. Asome mwaka mmoja, halafu achague mwenyewe pa kukaa. Anisia alicheka. Achague nini, kati ya mama na sanduku la picha la baba yake? Akamruhusu.

Likizo kubwa ilipofika Anisia alipanda basi Muyinga kwenda Gitega kumchukua, kapu la maharage mabichi mapajani, na kichwani vitendawili vipya vinane vya kutegeana na binti yake njiani wakirudi.

Mlango ulifunguliwa na Providence, mke mwenzie, Mkongo wa Uvira. Anisia alikuwa amemwandalia matusi tangu basi lilipopita Karusi, lakini yule mama akayaharibu yote kwa kuwa mwema.

"Karibu, dada! Usisimame inje. Mutoto iko salon. Faida, mama yako ule!"

Faida alikuwa sebuleni, mkekani mbele ya televisheni, amenenepa, kavaa soksi. Aliinuka, akatoa mkono kama anavyosalimiwa mgeni, akaketi tena. Kwenye kioo sungura wa buluu alikuwa anaanguka kutoka darini.

"Fungasha, mwanangu. Matata anakungoja."

"Ngoja, mama. Iko karibu kuisha."

Ikaisha. Ikaanza nyingine.

Anisia akachutama nyuma yake. "Kitendawili!"

"Tega," mtoto akasema, macho hukohuko.

"Nyumba yetu ina jicho moja, likifumba sote vipofu."

Alingoja. Hicho hata Matata angekijibu na uji mdomoni.

"Nimeshindwa," alisema Faida.

"Basi nipe mji."

"Chukua Gashoho."

Hakugeuka. Hakuwa na ubaya wowote, maskini. Sungura alikuwa ameanguka tena, naye anacheka.

"Nimeichukua," Anisia akasema. Hakusimulia alichokula huko. Aliinuka, akamwaga maharage kwenye beseni jikoni, akatoka na kapu tupu.

Providence alimkimbilia mpaka barabarani, ndala moja mguuni. "Dada, unaenda bila mutoto? Mi sikumufundisha kukukataa, naapa!"

"Najua."

"Ile ya jicho moja... jibu yake ni nini?"

"Koroboi. Akiuliza, umwambie."

Providence akageuka kutazama nyumba. Kicheko cha mtoto kilisikika mpaka pale.

"Na asipouliza?"

Anisia alipanda basi. Aliweka kapu kwenye nafasi ya dirishani, ile aliyokuwa amepanga kumkalisha Faida. Walipofika stendi kuu abiria wakajaa, kondakta akauliza kama pale pana mtu. Anisia akalitazama kapu kidogo, akalipakata.