Sahani ya Mokeira

Watu wa Marani mpaka leo wananiuliza habari za mume wangu, Machogu, na safari yake ya Meksiko. Si aliwasimulia wenyewe pale sokoni mpaka koo likamkauka? Mimi nitasema yaliyotokea nyumbani.

Machogu alikuwa mchonga vinyago vya mawe ya sabuni, yale mawe laini, na kazi aliijua, siwezi kumnyima haki yake. Mwaka wa 1971 padre mmoja mgeni, aliyependa vinyago vyake, alimpeleka kwao, mji mdogo ulio kando ya ziwa, akauze kazi yake kwenye sikukuu ya huko. Alirudi na kisanduku cha mbao kilichopakwa maua ya kung'aa, na hadithi zisizoisha: samaki weupe wa ziwani, unga wa mahindi unaofungwa kwenye maganda na kupikwa kwa mvuke, vyungu vya shaba vinavyofuliwa kwa nyundo. Watu wakamsikiliza midomo wazi.

Lakini nyumbani hakuwa na raha. Chakula kilikuwa kinapoa mbele yake.

"Baba Mogaka, kwani wamekuroga huko?" nikamuuliza.

Ndipo akasema. Kwenye sikukuu ile watu huenda makaburini na maua, mishumaa na chakula alichokipenda marehemu, wakakaa naye kama mgeni aliyerudi. Mama mmoja alimkaribisha, akala. Kisha mama yule akamuuliza, padre akitafsiri: "Na wewe, wako amelala wapi?"

"Hata kaburi lake silijui," akasema. "Mama Mogaka, nionyeshe alipo Mokeira."

Ala! Nilipandwa na hasira. Mokeira wetu alizaliwa na kufa huyu bwana akiwa Mombasa anauza vinyago. Aliporudi matanga yalikuwa yamekwisha. Alisema "pole", akachukua patasi yake. Hakuniuliza tena hata siku moja. Leo mpaka mwanamke wa ng'ambo amkumbushe?

Nikamnyima jibu. Akawa anazunguka shambani akichungulia chini ya migomba, mtu mzima na ndevu zake, mpaka nikamwonea huruma, na huruma yenyewe ikaniudhi.

Jumapili baada ya misa nikampeleka kwenye shina la migomba nyuma ya nyumba. Ni lile lile ambalo miaka yote alinigombeza kwa kuacha mikungu yake ioze, akiniita mvivu.

"Ni hapa," nikamwambia. "Ulitaka nizile ndizi zake?"

Alishika mgomba. Halafu akaingia ndani, akatoka na sahani: ugali wa wimbi, paja la kuku, na mboga. Kumbe ndiyo maana alichinja jogoo asubuhi, nami nikadhani tunatarajia wageni. Akapiga magoti, akaiweka chini kwa mikono miwili, taratibu, kama anayemwandalia mkwe.

Nilimhurumia, na bado nilikuwa na hasira naye.

"Baba Mogaka," nikasema, "mtoto alikuwa hajaota meno."