Shuka Ambalo Sikulifunua

Nilipokuwa nikisomea magonjwa ya kuambukiza, mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mkali ajabu. Kila tulipomletea habari za mgonjwa mwenye homa isiyojulikana chanzo, aliuliza swali lilelile: umemvua nguo zote ukamtazama? Ukisitasita, alikurudisha wodini mbele ya wenzako. Mimi nilirudishwa mara mbili. Nilidhani nimekoma.

Nilipofuzu nikarudi Machakos, shemeji zangu wa Kathiani walinitania kwamba nimemaliza ujana wangu shuleni ili niitwe daktari wa wadudu. Mama mkwe hakunitania. Kwetu Wakamba, mtu na mama mkwe wake wana nthoni, heshima iliyochanganyika na haya: hatushikani mikono, hatuli meza moja, na tukikutana njiani kila mmoja hupita upande wake. Alikuwa akinitumia maparachichi, mimi namtumia sukari. Tulipendana hivyo, kwa mbali, miaka tisa.

Jumamosi moja adhuhuri mke wangu alimleta mama yake hospitalini kwetu. Alikuwa na homa ya siku tatu, presha imeshuka, maneno yanaanza kumpotea. Zamu ilikuwa yangu na bingwa wa homa ni mimi. Aliponiona tu, alivuta shuka hadi kidevuni.

Nilibaki mlangoni. Nilimwomba daktari kijana wa zamu amkague, kisha nikageukia ukuta. Naye ni Mkamba, na alijua huyo ni nani kwangu, basi akasikiliza kifua, akabonyeza tumbo juu ya shuka, akasema haoni kidonda. Nilijua hajatazama. Hapo ndipo ninapojichukia, kwa sababu nilijua. Niliandika nimonia, ugonjwa usionilazimu kumgeuza, nikaagiza dripu na dawa kali, nikaondoka haraka kama mwizi.

Jumapili asubuhi mke wangu alikuwa akimpangusa mwili, akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Kwenye kalio la kulia ngozi ilikuwa nyeusi, imevimba, inanuka. Wiki iliyotangulia alidungwa sindano ya maumivu ya mgongo kwenye duka la dawa, na pale ndipo viini vilipoingia. Hakumwambia mtu. Angetajaje mahali penyewe, na mimi niko mlangoni? Nyama ikishakufa, dawa ya mshipani haiifikii. Inatakiwa kukatwa mapema. Nilikuwa nimewafundisha wengine jambo hilo mwezi uleule.

Sasa nilifunua. Nilimgeuza kwa mikono yangu, naye akafunika uso kwa kiganja.

"Nisamehe, mama," nilimwambia.

Madaktari wa upasuaji walimchukua saa nne. Saa saba mmoja wao alitoka kunitafuta, na alivyotembea polepole nikajua kabla hajafungua mdomo.

Mke wangu hakunilaumu, si siku ile wala kwenye mazishi. Aliniuliza swali moja tu, wiki kadhaa baadaye, tukiwa jikoni akikunja leso za mama yake.

"Kama angekuwa mama wa mtu mwingine, ungemfunua?"

Nilitamani kusema uongo. Nilimwambia ndiyo, siku ileile ya Jumamosi, kabla hata ya kumpima presha.