Siku mashine yetu ilipima sambaza

Ata leo nikipita karibu na ile savonnerie, kiwanda cha sabuni cha hapa Bukavu, naangalia chini, juu haya ingali inaniwasha masikio. Mucheke tu, nishazoea.

Miye niko assistant wa chimie (kemia), na université yetu inafanya recherche (utafiti) pamoja na université moja ya inje, tusaidie viwanda vya sabuni na rangi kupunguza gazi ya carbone. Kule savonnerie tulifunga filtre ya kuchuja moshi kwenye jiko kubwa la kuchemshia sabuni, na nyuma ya ukuta tukaacha tuyau moja, bomba yenye kuvuta hewa inayotoka jikoni, mashine inaipima na kuchora mustari kwenye ekrani: gazi ikizidi, mustari unapanda. Siku hiyo professeur wa inje alikuja kuona kama filtre inafanya kazi. Ikifanya, patron wa savonnerie atakubali tufunge kwenye majiko yote, isipofanya, mashine zinarudi kwao na kazi yangu inaenda nazo.

Sasa, mugeni Bukavu haondoki na njaa, munatujua. Nikamuita shangazi yangu, maman Nabintu, akuje kukaanga sambaza (tusamaki twetu twa ziwa). Mvua ikaanza kunyeshea jiko lake, akaniuliza: "Mutoto wangu, babula yangu ya makala niiweke wapi?" Miye, kravati shingoni, mawazo yote kwa wageni, nikamujibu bila kuangalia: "Nyuma ya ukuta, maman, chini ya mabati, pale hapanyeshi."

Wageni wakaketi, patron akavaa miwani, ekrani ikawaka. Mustari uko chini, muzuri, umelala kama mutoto. "Munaona!" nikasema kwa kiburi. Munaona nini tena? Ukapanda. Ukashuka kidogo, ukapanda kupita pale pa kwanza, na jasho ikanianza, na badala ya kusema "sijui" (neno dogo hivyo, lilinishinda nini?) nikaonyesha papa Zihindula, muzee mwenye kuwasha jiko, nikasema: "Labda papa ametia kuni mbichi."

"Hapana, patron, ni kavu," papa akasema.

"Wewe unashinda mashine?" patron akamurukia. "Vua gants zako za mikono, enda nyumbani!"

Papa akazivua, akaziweka juu ya meza mbele yangu. Na miye nikageukia ekrani, nikajifanya nasoma mustari. Mungu wangu!

Ndipo professeur akanusa, akauliza kwa Kifaransa: "Mbona kila mustari ukipanda, kunakuya harufu ya samaki?" Tukamufuata nyuma ya ukuta, watu wote. Maman Nabintu yuko chini ya tuyau yetu, anapepea makala kwa nguvu zote, akatuchekea: "Mumechoka kungojea? Si huyu assistant wenu ndiye alinionyesha hapa!"

Walicheka mupaka patron akajishika kwa ukuta. Babula ikasogezwa, mustari ukalala, patron akakubali filtre na kumurudisha papa kazini. Kazi yangu ikapona, lakini miye nilitamani ardhi ipasuke niingie. Papa Zihindula alivaa gants zake bila kunitukana. Nikamuambia "pardon, papa" kwa kasauti kadogo, na yeye akaniletea sahani ya sambaza: "Kula, docteur, zingali moto." Nilikula nikiangalia chini, nawaambia.

Tangu siku hiyo mustari ukipanda, naenda kwanza mwenyewe nyuma ya ukuta, na nikirudi bila jibu nasema "sijui" mbele ya kila mutu. Papa naye kila asubui ananisalimia vile vile, na uso wa upole: "Docteur, leo kuni ni kavu?"