Fiano ya Mzee wa Ngozi

Nilimfahamu Mzee kwa sababu ya mkoba mbovu. Nilikuwa nimepanda basi kwenda Shiling, mji wa mikoba ulio kaskazini ya Guangzhou, kukagua mzigo niliouagiza kwa ajili ya wateja wangu wa Dodoma na Dar es Salaam. Kiwandani nikamkuta Mzungu mmoja mzee, mwembamba, amesimama na mkoba wangu puani. Haangalii mshono, haangalii zipu, ananusa tu. Aliniambia kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba ngozi ile haikukaushwa sawasawa, na nikiifungia kwenye kontena mwezi mzima itafika na ukungu. Laoban, mwenye kiwanda, alinuna, ila alikuwa amemwajiri yeye mwenyewe kukagua ngozi za wateja wa Ulaya, kwa hiyo hakuwa na la kubisha. Mzigo wangu ukarudiwa kazi.

Nikamwita Mzee, naye akalichukua neno hilo kama jina lake. Alikuwa Mwitaliano kutoka vilima vya Irpinia, karibu na mji wa Avellino, kusini ya nchi yao. Alianza kazi ya ngozi akiwa na miaka kumi na minne, na viwanda vya kwao vilipoanza kufungwa, kazi ikamleta China. Mkewe alishafariki, watoto hawakujaliwa. Alibakiwa na mdogo wake mmoja wa kiume, ndiye aliyekuwa akitunza shamba la mizabibu la marehemu baba yao.

Nilipomwambia kwamba baba yangu naye analima zabibu, Mpunguzi, nje kidogo ya Dodoma, alidhani nimekosea neno. Nikamwonyesha picha kwenye simu: udongo mwekundu, nguzo, baba na mkasi wake wa kupogolea. Aliishika ile simu kwa muda mrefu. Akaniuliza tunavuna mwezi gani. Nikamwambia tunavuna mara mbili kwa mwaka.

"Kwa hiyo mizabibu yenu hailali kabisa?"

"Hailali, Mzee."

"Maskini," akasema, na niliona anaihurumia kweli, kama mtu anayesikia habari za punda anayepigishwa kazi bila kupumzishwa.

Tangu hapo, Jumapili nikitoka kanisani, nilikuwa napita kwake mchana. Alipanga nyumba ya vyumba viwili kwenye jengo la zamani lisilo na lifti, mwendo mfupi kutoka Xiaobei nilikokuwa naishi. Yeye anapika tambi, mimi namsomea ujumbe wa Kichina uliomshinda. Kisha anamimina mvinyo mweupe wa kwao, vidole viwili tu kwenye glasi, na kunieleza habari zake.

Ulikuwa unaitwa Fiano, jina la zabibu yenyewe. Punje ndogo, ganda nene, maji kidogo. Wakulima wengi waliitupa zamani kwa sababu haina faida. Inapendwa na nyuki, na kwao wanasema jina lake lilitokana na neno la kale la nyuki. Shamba lao lilikuwa mlimani, karibu na kijiji cha Lapio, kwenye udongo mzito wenye majivu yaliyorushwa na volkano enzi za kale. Theluji inaanguka huko, na zabibu zinavunwa Oktoba, wavunaji wamevaa makoti. Alisema mvinyo mweupe mwingi hunywewa upesi, kama maziwa, kabla haujaharibika. Huu wa kwao ukiuharakisha unakuchoma ulimi kama ndimu na kukunyima mengine yote. Uache miaka kumi, hata ishirini, penye ubaridi na giza, ndipo unatoa asali, njugu za kukaanga, na moshi wa kuni kwa mbali.

Mimi nilikulia kwenye mvinyo mtamu wa Dodoma na sikuupenda ule wa kwake. Nilichopenda ni kumsikiliza mtu akizungumza juu ya zabibu bila uchungu. Nyumbani nilikuwa nimeziona tani za zabibu zikiozea chini ya mizabibu kwa kukosa mnunuzi, na majirani waking'oa mizabibu yao kwa jembe. Mwaka huo ndio nilioondoka kwenda kutafuta biashara.

Chumba cha Xiaobei nilikichangia na dada mmoja wa Unguja, mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa swala tano. Alijua ninakokwenda Jumapili. Aliniambia, "Shoga, chupa hiyo haiingii humu ndani. Lakini huyo mzee akiumwa, uji wake nitapika mimi." Alisema hivyo kama utani, na wakati huo Mzee alikuwa mzima.

Ilianza na damu puani. Mzee aliona ni vumbi. Halafu Jumapili moja alimimina, akanusa, akaweka glasi mezani, akainyanyua tena. Akaniuliza kama nasikia harufu. Nikamjibu ndiyo.

"Mimi sisikii kitu," akasema.

Hospitali walikuta uvimbe nyuma ya pua, na ulikuwa umeshaingia ndani. Daktari aliuliza kazi yake, akatingisha kichwa: vumbi la ngozi la miaka hamsini na zaidi. Mkalimani nilikuwa mimi. Mzee akataka niulize amebakiwa na muda gani. Kichina changu kilikuwa cha kuuliza bei na kuikataa. Maneno ya jambo kama lile sikuwa nayo. Nikauliza kwa namna ninayouliza habari za mzigo: bado siku ngapi? Daktari kijana yule alinitazama, akajibu polepole. Nami nikatafsiri.

Akalazwa, Julai yote na Agosti. Dada alipika uji kama alivyoahidi, na siku ambazo mimi niko Shiling aliupeleka yeye. Mimi nilipewa ufunguo wa nyumba nikamwagilie vyungu viwili vya mrihani vilivyokuwa dirishani. Siku ya kwanza nilikuta kiyoyozi cha chumbani kinaunguruma kwenye nyumba isiyo na mtu. Mimi nimelelewa na mama ambaye taa ikiachwa inawaka bure anakuamsha uizime. Nikakizima. Joto la Guangzhou miezi hiyo ni la mvuke. Nguo haikauki, ukuta unatoa jasho. Nilikuwa naingia, namwagilia, natoka mbio. Siku moja kabla ya kumrudisha nyumbani nikakiwasha tena, ili akute pamepoa.

Alirudi kwa sababu hospitali hawakuwa na jingine la kumfanyia. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja, anaongea kwa shida. Mezani palikuwa na bahasha kutoka kwa mdogo wake, karatasi zake zimekunjuliwa. Nilidhani ni mambo ya bima. Siku ya nne au ya tano, mchana, akaniambia nifungue kabati la chumbani. Chini, nyuma ya viatu, palikuwa na chupa iliyofungwa kwa vipande vya ngozi laini. Akasema ndio mvuno wa mwisho wa baba yake. Aliibeba kwenye sanduku la nguo miaka mingi iliyopita, na tangu siku hiyo hajawahi kukizima kiyoyozi cha chumba kile. Nilimsikia akisema hivyo. Kitu kikanigusa, kikapita. Nilikuwa nahangaika na kizibo, ambacho kilikuwa kimejitokeza nje kidogo na kulowa.

Alinishika mkono kabla sijanusa.

"Usinihurumie," akasema. "Mtu akiionea ngozi huruma, kontena zima linaoza. Niambie unachosikia wewe, siyo nilichokufundisha."

Mvinyo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nikanusa: boksi lililolowa, tufaha lililooza, siki. Nikaonja, nikashindwa kumeza. Niliyajua maneno aliyotaka kuyasikia. Asali, njugu, moshi, yote yalikuwa mdomoni. Lakini alikuwa ameniomba ukweli, na mimi nilijiona mtu mwaminifu.

"Umekufa, Mzee."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akaisogeza glasi kando. Kisha akaomba kalamu, akazivuta zile karatasi na kutia saini kurasa tatu. Ndipo akanieleza. Mdogo wake alikuwa amechoka, hana mtu wa kumsaidia, amepata mnunuzi wa shamba. Yeye alikuwa anachelewesha kwa kungoja siku ya kuifungua chupa hii. Ardhi inayotoa mvinyo wa kuishi miaka yote ile, alisema, mtu haiuzi. Kama haina uwezo huo, ni mlima tu kama milima mingine. Akaniomba nipige picha zile karatasi, nizitume, kisha nikazipeleke zenyewe posta. Nikafanya vyote siku hiyo hiyo.

Baada ya wiki tatu akazidiwa tukamrudisha hospitali, na huko akafariki asubuhi moja ya Jumanne. Mimi nilikuwa kwenye maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu nachagua nguo za watoto. Aliyenipigia ni dada, alikuwa amepeleka uji. Aliniambia hakumwacha peke yake, alimshika mkono mpaka mwisho. Nilikaa juu ya robota la nguo kwenye ujia, wapagazi wakinipigia kelele niwapishe njia.

Alichomwa huko huko, na karatasi za kuchukua majivu yake zilichukua miezi miwili. Mdogo wake alipofika, nilimpokea na kumpeleka kwenye ile nyumba, kwa kuwa kodi ilikuwa bado haijaisha. Alikuwa mtu mpole, mikono mikubwa, Kiingereza kidogo kuliko kaka yake. Tulizungumza kwa simu ya kutafsiri. Akatoa kwenye sanduku chupa ya mwaka ule ule, iliyokaa muda wote chini ya nyumba yao. Alitaka tumnywee marehemu, basi.

Rangi yake ilikuwa ya dhahabu. Sikuhitaji kuinama, harufu ilinifuata nilipokaa. Asali, njugu, moshi wa kuni. Vyote vilikuwamo, na ndimu bado iko hai chini yake. Nilikumbuka kizibo kile kilichojitokeza, nikatazama ukutani kile kiyoyozi, nikaiweka glasi mezani.

Nilimuuliza kuhusu shamba. Akasema limeuzwa, mnunuzi ameshang'oa mizabibu yote, anapanda miti ya njugu za kwao, zile zinazozaa mtini. Nikamwambia. Niliongea kwenye simu yake sentensi moja moja, nikangoja kila moja ibadilishwe: kwamba niliizima mashine, kwamba ilikuwa miezi miwili ya joto, kwamba kaka yake hakujua, kwamba alitia saini kwa neno langu. Alisoma mpaka mwisho. Akasoma tena.

Hakuniambia kwamba si kitu. Namshukuru kwa hilo. Alisimama, akaziosha glasi, akazifuta moja moja kwa shati lake kwa kuwa hapakuwa na kitambaa, kisha akaenda kusimama dirishani kwenye vyungu vya mrihani. Baadaye akauliza kama kaka yake alikuwa na maumivu makali. Nikasema ndiyo. Kesho yake uwanja wa ndege alinipa mkono, sanduku la majivu likiwa kifuani, akaingia ndani bila kugeuka. Nilimwandikia mara mbili. Hajajibu.

Wiki iliyofuata nilirudisha ufunguo. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alizunguka vyumba vyote akifungua madirisha. Kisha akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini kama yule mgeni alifia mle ndani, maana mpangaji mpya lazima atauliza. Nikamwambia hapana, alifia hospitali. Akashusha pumzi, akanishukuru, akaanza kuning'iniza mapazia.