Pindo la Vidole Vinne

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Chamazi. Somoe Mwinshehe (44) amekaa dirishani kwenye basi liendalo Mwenge. Abiria wenzake wanamalizia usingizi. Yeye macho kodo, anasoma nguo za watu waliosimama chini ya taa za barabarani.

"Yule suruali yake ina mistari miwili ya pasi. Kanyoosha gizani kwa pasi ya mkaa, umeme ulikatika," anasema. "Na yule kaka mwenye koti lisilo na kifungo, ama mkewe kasafiri, ama wamenuniana."

Ushahidi hana, lakini ukimsikiliza utaamini. Ni fundi cherehani wa sare za shule kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, na safari hii ya karibu saa mbili ndiyo gazeti lake la kila siku.

Kazi ya mkono wake anaijua hata ikiwa ng'ambo ya barabara. Anatumia mkono wa kushoto, hivyo marinda ya sketi zake hulalia upande tofauti na ya mafundi wengine.

"Nikimuonaga mtoto kaivaa, siku yangu inakuwa nzuri."

Mwezi uliopita haikuwa hivyo. Basi liliposimama Mbagala, alimuona msichana anavuka barabara huku kajiziba kwa nyuma na daftari. Sketi ilimwishia juu ya magoti. Marinda yalikuwa ya Somoe.

Alishuka. Sindano na uzi havikosi mkobani mwake, na alidhani ni kazi ya dakika chache tu: kufumua pindo, kulishusha, kushona upya.

"Shikamoo," msichana alimwamkia. Ni Nusaiba, wa kidato cha pili. "Jana nilirudishwa. Na leo wakinirudisha, mama kasema nikae tu nyumbani mpaka apate hela."

Somoe aligeuza pindo. Lilikuwa la kidole kimoja. Hapakuwa na cha kushusha.

Alikumbuka. Kitambaa kilipopanda bei, mwenye karakana anakoshonea, huko Mwenge, aliagiza pindo lipunguzwe kutoka vidole vinne hadi kimoja, naye akatii. Wazazi hununua sare wakijua pindo ndilo akiba ya mwaka ujao.

"Niliona aibu, wallahi. Mtoto kakosa nini? Kakua tu."

Alimfunga mtandio wake kiunoni, akampeleka mwenyewe shuleni kumwombea. Walimu wakampa Nusaiba mwezi mmoja apate sketi nyingine. Somoe alifika kazini saa nne, na tangu siku hiyo anashona vidole vinne, amri iwepo isiwepo.

Edgar Massawe, mwenye karakana, hafichi neno. "Dada Somoe ndiye fundi wangu bora. Ila anakula kitambaa. Nimeshamwonya mara mbili, ya tatu tunaachana."

Mshahara wa Sh180,000 kwa mwezi ndio unaomlipia Somoe kodi na kumsomesha mwanawe. Moyo wa namna hii si kila mtu anao.

"Mie naogopa, siwezi kukudanganya," anasema. "Lakini kidole kimoja sishoni tena."

Shangazi yake amempa baraza hapo Chamazi, jirani na shule. Cherehani ya marehemu mama yake imeshatiwa mafuta. Akiachishwa kazi, atahamia hapo.

Na wateja?

"Wa kwanza ninaye. Sketi ya Nusaiba nimeikata Jumapili, kitambaa nimenunua mwenyewe. Pindo nimempa vidole vitano. Yule mtoto bado anakua."